Ndoo, Chungu na Shoka: Huduma za Msingi Vijijini kati ya Hisani na Deni

Mjadala juu ya maendeleo ya vijijini huendeshwa kwa kawaida kwa lugha ya wahandisi na wahasibu, yaani kwa kina cha visima, kipenyo cha mabomba, idadi ya vituo vya kuchotea na gharama kwa kila mkazi anayehudumiwa, na lugha hiyo ina kazi yake, kwa sababu kisima kilichochimbwa vibaya hakimnyweshi mtu hata kama aliyekichimba alikuwa na nia ya malaika. Chini ya hesabu hizo, hata hivyo, pana swali ambalo mhandisi hawezi kulijibu kwa vipimo vyake, na ambalo wanazuoni wa dini na wanafalsafa wamelizungukia kwa karne nyingi: maji, zahanati au shule vinapofikishwa katika kijiji maskini, je, aliyevifikisha ametoa mali yake kwa hiari, au amelipa kitu ambacho wanakijiji walikuwa wakimdai? Swali hili si pambo la hotuba za uzinduzi, kwa kuwa jibu lake ndilo linaloamua nani ashukuriwe, nani aulizwe pampu inapokufa, na kama mwanakijiji anayelalamika ni mtu anayefuata chake au ni mtu asiye na shukrani.

Kiswahili chenyewe kina msamiati wa kutosha wa kulipambanua jambo hili. Hisani ni wema unaozidi wajibu: anayeufanya husifiwa, asiyeufanya halaumiwi, na anayeupokea hana uwezo wa kupanga wakati wake wala kiasi chake. Deni liko upande wa pili, kwani anayelilipa hastahili sifa yoyote, anayelikwepa ni dhalimu, na mwenye kudai anaweza kutaja siku na kiasi bila kuonekana mkosefu wa adabu. Kati ya hayo mawili limesimama neno haki, ambalo hubeba kwa pamoja uadilifu wa jumla na lile fungu ambalo mtu fulani anastahili kupewa. Kinachovutia zaidi ni kitenzi kudai. Msemaji wa Kiswahili anaposema kwamba fulani anamdai mwenzake, hutumia neno lile lile kwa hali ya kuwa na mali mikononi mwa mtu mwingine na kwa tendo la kuitaka mali hiyo kwa sauti, kana kwamba lugha haikuona sababu ya kutenganisha kustahili na kusema. Kwa hiyo kuwaambia wanakijiji kwamba maji ni haki yao, kisha kuwaona wakorofi wanapoyadai, ni kulichukua jina na kukikataa kitenzi chake.

Katika mapokeo ya Kiislamu, ambayo yamelea sehemu kubwa ya msamiati huo, mahali panapofaa kuanzia ni sura ya 107 ya Kurani, Al-Maun, sura fupi ya aya saba inayomtambulisha mkanushaji wa dini kwa jinsi anavyomtendea yatima na maskini, kisha ikawageukia watu wanaosali huku wameghafilika na sala zao, wanaopenda kuonekana, na wanaozuia kitu kinachoitwa maun. Wafasiri hawakuafikiana juu ya kitu hicho. Kwa riwaya zinazonasibishwa na sahaba Abdullah bin Masud, maun ni vyombo ambavyo majirani huazimana kila siku, kama shoka, chungu na ndoo ya kutekea maji, na wengine wakaongeza maji yenyewe, chumvi na moto. Lakini kwa riwaya zinazonasibishwa na Ali bin Abi Talib na Abdullah bin Omar, maun ni zaka, yaani lile fungu la mali ambalo ni faradhi kutolewa kila mwaka, lenye kiwango kinachojulikana na wapokeaji waliotajwa. Mwanazuoni Ikrima, mwanafunzi wa Ibn Abbas, anapokewa akiziweka tafsiri zote mbili kwenye ngazi moja, ambayo kidato chake cha juu ni zaka na cha chini ni vitu kama chekecheke, ndoo na sindano.

Tofauti hiyo ya wafasiri ina uzito kuliko inavyoonekana, kwa sababu inafichua aina ya wajibu ambayo mgawanyo wa kawaida kati ya hisani na deni hauioni. Ndoo ya jirani si deni la mkataba, kwa kuwa hakuna hati wala shahidi, lakini pia si hisani, kwa kuwa anayeiazimisha hatarajii kusifiwa na anayeinyima anahesabiwa kuwa amefanya jambo baya kiasi cha kutajwa pamoja na mtu anayemsukuma yatima. Ni kitu kidogo mno kumletea mtoaji heshima, na ni kikubwa mno kwa mwenye kukihitaji kuweza kuishi bila hicho. Ikiwa ndivyo, huduma za msingi, yaani zile ambazo bila hizo mtu hawezi hata kuanza kujitafutia mengine, hazitambuliki kwa ukubwa wa gharama yake bali kwa aibu ya kuzinyima; na tafsiri ya zaka inaongeza kwamba aibu hiyo haiishii kwa jirani, bali hupanda ngazi hadi kwenye hazina ya umma, ambako kinachozuiliwa si ndoo moja tena bali fungu la kodi.

Wanasheria wa Kiislamu, yaani mafakihi, waliyachambua maji kwa undani ambao mwandishi wa sera za leo angeweza kuuonea wivu. Wakiegemea Hadithi iliyomo katika mkusanyiko wa Abu Daud, inayowafanya watu kuwa washirika katika maji, malisho na moto, walipambanua maji yaliyo katika chanzo chake, kama mto au chemchemi, ambayo hayana mwenyewe, na maji yaliyokwisha kutiwa chomboni, ambayo huwa mali ya aliyeyateka kwa sababu ya kazi yake. Vilevile waliitenga haki ya kiu, yaani haki ya mtu na mnyama kunywa, na haki ya kumwagilia mashamba, wakaipa ile ya kwanza nguvu zaidi, hata mwenye kisima katika ardhi yake akawa hana ruhusa ya kumfukuza mwenye kiu maadamu maji yamezidi haja yake. Katika mpango huo bei haikukatazwa moja kwa moja, ila ilikatazwa kujifanya bei ya maji yenyewe: kinachouzwa kwa halali ni jasho la kuyachota, kuyabeba na kuyahifadhi. Ankara yoyote ya maji ya kijiji inaweza kupimwa kwa mzani huo, kwa kuuliza ni sehemu gani ya bei ni malipo ya dizeli, umeme, vipuri na fundi, na ni sehemu gani ni faida ya mtu aliyesimama kati ya mwenye kiu na chemchemi.

Pahali ambapo maswali haya yamekuwa ya mwilini kabla ya kuwa ya vitabuni ni uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanzania, unaoenea katika wilaya za Newala na Tandahimba na sehemu za jirani, juu ya bonde la Mto Ruvuma. Udongo wake wa kichanga hunywa mvua haraka na kuishusha chini sana, kwa hiyo juu pana mashamba ya mihogo na mikorosho lakini hapana vijito, na chemchemi hutokea pembezoni, kwenye miteremko na mabonde, ambako wanawake wa uwandani wamekuwa wakiteremka na kupanda kwa vizazi vingi. Mgeni anayetazama hali hiyo kwa haraka huuliza kwa nini watu walijenga mbali na maji. Simulizi ya asili ya Wamakonde, ambayo Mjerumani Karl Weule aliinakili alipofika huko mwaka 1906, inajibu kwamba mtu wa kwanza na mkewe walizaa karibu na mto na mtoto akafa, wakavuka hadi bonde jingine na mtoto mwingine akafa, na waliporudi uwandani, kwenye vichaka vya Mahuta, ndipo mtoto wa tatu akaishi, na tangu hapo ikawa mila kukaa juu. Mabondeni kulikuwa na homa, na katika karne ya 19 kulikuwa pia na wavamizi waliotafuta watumwa. Watu hao, basi, hawakuwa wajinga wa thamani ya maji. Walipima mauti na kiu, wakachagua kiu, na wakaukabidhi mzigo wa uchaguzi huo kwa vichwa vya wanawake.

Mzigo huo una hesabu. Ndoo ya kawaida hubeba lita 20, na lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo familia ya watu sita ambayo kila mmoja anatumia lita 20 kwa siku, kiasi ambacho wataalamu wa afya hukitaja kuwa cha chini kwa kunywa, kupika na usafi wa lazima, inahitaji ndoo sita, yaani kilo 120 zinazopandishwa mlima kila siku ya Mungu. Hakuna familia inayofanya hivyo. Utafiti wa Gilbert White, David Bradley na Anne White katika Kenya, Uganda na Tanzania, uliochapishwa mwaka 1972, ulionyesha kwamba wenye kubeba maji kutoka nje ya nyumba hutumia sehemu ndogo tu ya kiasi kinachotumiwa na wenye bomba ndani. Na Bradley akaeleza kwamba kuna maradhi, kama ya ngozi, ya macho na baadhi ya maradhi ya kuhara, yanayotokana na uchache wa maji ya kuoshea zaidi kuliko uchafu wa maji ya kunywa. Maji ya bure ya bondeni, kwa maana hiyo, hayakuwahi kuwa bure. Yalilipiwa kwa shingo, kwa saa za asubuhi, kwa macho ya watoto na kwa viti vitupu vya wasichana darasani, na malipo hayo hayakuingia katika daftari lolote kwa sababu aliyekuwa akilipa hakuwa akihesabiwa kuwa mlipaji. Hoja maarufu kwamba mwanakijiji hajazoea kulipia maji inasahau sarafu hii.

Hapo uwandani majaribio ya kila aina ya uhusiano kati ya maji na watu yamefanyika mahali pamoja. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliunda shirika la maji la Makonde ambalo lilisukuma maji kutoka bondeni kwa mitambo na kuyauza kwa debe vituoni, kwa nia kwamba bei irudishe mkopo. Baada ya uhuru maji yakatangazwa kuwa huduma ya bure. Tangu miaka ya 1970 wafadhili kutoka Finland wakashiriki kwa muda mrefu katika miradi ya maji ya Mtwara na Lindi. Na leo mradi wa Makonde unaotegemea chanzo cha Mitema bado unapambana na ukweli ule ule wa kijiografia, kwamba maji yako chini na watu wako juu, hivyo kila lita inadai nishati ya kuipandisha. Sambamba na mitambo, wenyeji walijenga matangi ya chini ya ardhi ya kukusanyia mvua, na matangi hayo yalileta ubaguzi wao mdogo, kwa kuwa paa la bati hukusanya maji safi ilhali paa la nyasi halifai sana, hivyo mwenye bati akaweka akiba na mwenye nyasi akanunua kwake wakati wa kiangazi. Kwa mizani ya mafakihi mwenye tangi ni mmiliki halali wa maji aliyoyatega, lakini jirani akija na ndoo katika mwezi wa Oktoba, swali la maun liko mlangoni kwake, na hakuna sera ya taifa inayoweza kulijibu kwa niaba yake.

Mapokeo ya Kikristo yamefika karibu na fundisho lile lile la maun kwa njia nyingine. Basili Mkuu, askofu wa Kaisaria katika karne ya nne, ambaye alihubiri wakati wa njaa, alishikilia kwamba nafaka iliyofungiwa ghalani ni mali ya wenye njaa, kwa hiyo tajiri anayeigawa hafanyi ukarimu bali anarudisha. Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, aliliweka fundisho hilo katika umbo la kisheria aliposema kwamba mtu aliye katika dhiki ya kufa anapochukua cha lazima kutoka kwa mwenye ziada haibi, kwa kuwa mgawanyo wa mali kati ya watu hauwezi kubatilisha kusudi la asili la mali, ambalo ni kuwategemeza wote. Immanuel Kant, ambaye hakuwa mhubiri, aliongeza mwaka 1797 shaka yenye makali zaidi: uwezo wa kutoa, alisema, kwa sehemu kubwa hutokana na dhuluma ya serikali inayowapendelea baadhi ya watu, na kwa hiyo inafaa kuuliza kama msaada wa tajiri unastahili kuitwa hisani. Shaka hiyo haijawahi kujibiwa vizuri na tasnia ya misaada.

Mwaka 1967 mikondo hii ilikutana katika historia ya Tanzania kwa namna ya pekee. Tarehe 5 Februari lilitangazwa Azimio la Arusha, lililokataa fikra kwamba fedha ndiyo msingi wa maendeleo na kuweka uzito vijijini, na tarehe 26 Machi mwaka huo huo Papa Paulo VI akatoa waraka wa Populorum Progressio, uliofundisha kwamba maendeleo ni ya mtu mzima na ya watu wote na kwamba mali ya binafsi si haki isiyo na masharti. Mwalimu Julius Nyerere, Mkatoliki aliyekuwa akiongoza taifa lenye Waislamu na Wakristo wengi, hakuhitaji kuazima kutoka upande mmoja tu. Mwaka 1971 serikali yake ilianza mpango wa miaka 20 wa kumpatia kila mwanakijiji maji safi katika umbali usiozidi mita 400, na gharama zote zikabebwa na serikali. Kisha ikaja Operesheni Vijiji, ambayo hadi mwaka 1976 iliwahamisha mamilioni ya watu, wengine kwa kushawishiwa na wengine kwa nguvu, kutoka katika makazi yaliyotawanyika hadi vijiji vya pamoja. Na sababu iliyotolewa tena na tena ni kwamba watu wakikaa pamoja itawezekana kuwapelekea maji, shule na zahanati.

Hapa ndipo hoja ya deni inapoacha kuwa ya kinadharia. Mtu aliyeondoka kwenye mashamba yake na makaburi ya wazee wake kwa ahadi ya bomba ametoa upande wake wa mapatano, na mapatano ambayo upande mmoja umetekeleza hayageuki kuwa hisani kwa sababu upande wa pili umechelewa, wala hayafutwi na ukweli kwamba baadhi ya waliohama hawakuulizwa. Dhuluma ya kulazimishwa inaliongeza deni, hailipunguzi. Mwaka 1991 ulifika bila lengo kutimia, na kosa halikuwa la nia tu, kwani bei ya mafuta ilikuwa imepanda, uchumi ulikuwa umeyumba, wafadhili waliogawana mikoa walileta pampu za aina mbalimbali zenye vipuri visivyooana, na mwanakijiji alikuwa amefundishwa kwamba pampu ni ya serikali, hivyo ikivunjika, serikali ijulishwe. Dola lilijitwika deni lote peke yake, likashindwa kulilipa, na kwa kuwa lilikuwa mdaiwa pekee hapakuwa na mwingine wa kuulizwa.

Mabadiliko yaliyofuata yalikuwa makubwa kuliko yalivyosikika. Mkutano wa kimataifa kuhusu maji uliofanyika Dublin Januari 1992 ulitangaza kwamba maji yana thamani ya kiuchumi, ingawa katika kanuni hiyo hiyo ulikiri kwanza haki ya kila mtu kuyapata kwa bei anayoimudu, na dunia ikaikumbuka nusu moja ya sentensi kuliko nyingine. Sera ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 ilibakiza vipimo vya mita 400, lita 25 kwa mtu kwa siku na kituo kimoja kwa watu 250, lakini ikawataka wanakijiji wachangie gharama za ujenzi na wabebe wenyewe gharama zote za uendeshaji na matengenezo, kupitia jumuiya zao za watumia maji. Mwaka 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likayatambua maji safi na usafi wa mazingira kuwa haki ya binadamu, na kwa hiyo mwanakijiji akajikuta na vyeo viwili kwa wakati mmoja: huko New York ni mwenye haki, na kwenye daftari la kijiji ni mteja aliye nyuma ya malipo. Vituo vya maji vya vijijini Tanzania vilipoorodheshwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, zaidi ya theluthi moja vilionekana havifanyi kazi.

Watetezi wa uchangiaji wana hoja ambayo haipaswi kudharauliwa: kitu kinachotolewa bure hakitunzwi, na mtu aliyechimba mtaro kwa mikono yake atalilinda bomba lililolazwa ndani yake. Kuna ukweli hapo, na utamaduni wa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, una hadhi ambayo hakuna fedha za mfadhili zinazoweza kuinunua. Ila kanuni ya maadili hupimwa kwa kutazama kama inatumika kwa wote, na mkazi wa mtaa wa matajiri mjini, ambaye maji yake pia yaliletwa kwa mabomba makuu yaliyojengwa kwa mikopo ya taifa zima, hakuitwa hata siku moja kushika jembe ili aonyeshe kwamba mradi ni wake. Yeye hulipa ankara na kupiga simu. Kujitegemea, ambako kwa Nyerere kulikuwa fundisho kwa taifa zima mbele ya mataifa tajiri, kumeteremshwa hadi kuwa sharti kwa walio maskini zaidi ndani ya taifa hilo, na hilo ni upotoshaji wa neno hata kama sera zinazolitumia zina nia njema.

Swali gumu linabaki, nalo ni lile ambalo wanafalsafa huliuliza kila haki ya huduma inapotangazwa: ikiwa maji ni deni, mdaiwa ni nani? Haki ya kutopigwa wadaiwa wake ni watu wote, kwani kila mtu anaweza kuitimiza kwa kujizuia tu; lakini haki ya kupata maji inataka mtu maalumu aamke, anunue bomba, alipe fundi, na wote wakidaiwa kwa jumla hakuna anayeamka. Fikihi ina dhana inayolikabili tatizo hili moja kwa moja, nayo ni faradhi ya kutosheleza, yaani wajibu ulio juu ya jamii nzima ambao wakiutekeleza baadhi huwaondokea waliobaki, na wasipoutekeleza wote huwa na dhambi. Kumzika maiti ndiyo mfano wake unaojulikana zaidi. Uzuri wa dhana hii ni kwamba haimsubiri mdaiwa apatikane ndipo deni liwepo. Deni lipo tayari juu ya shingo za wote wenye uwezo, na kazi ya kumteua wa kulitekeleza ni sehemu ya deni lenyewe. Kijiji kinapokaa miaka na pampu mbovu huku halmashauri ikiwaelekeza watu kwenye jumuiya ya watumia maji, jumuiya ikiwaelekeza kwa mfadhili, na mfadhili akionyesha hati ya makabidhiano, hakuna hata mmoja aliyeondokewa na wajibu. Maiti yuko juu ya jeneza, na wote waliosimama pale wanadaiwa. Kuundwa kwa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, kwa sheria Na. 5 ya mwaka 2019, kunaweza kusomwa, kwa macho ya faradhi hii, kama jaribio la kumpa deni mwenye jina, na thamani yake itapimwa hapo kabla ya kupimwa kwa urefu wa mabomba.

Wale wanaochimba visima kwa nia ya thawabu, na katika vijiji vya pwani na bara ni wengi, nao hawakuachwa na mapokeo yao bila mwongozo. Sadaka yenye kuendelea, sadakatu jaria, huhesabiwa kuendelea kwa sharti kwamba manufaa yake yanaendelea. Kisima kilichokauka au pampu iliyokatika mnyororo ni sadaka iliyosimama. Ndiyo maana katika sheria za wakfu, yaani mali iliyofungwa isiuzwe ili faida yake itumike kwa jambo la kheri, mafakihi waliweka kwamba matumizi ya kwanza ya mapato ni kuimarisha wakfu wenyewe, kabla hata ya wanaonufaika kupata fungu lao. Wakfu wa kisima usio na duka, shamba au mnazi wa kuulipia matengenezo ungeonekana kwao kama nyumba isiyo na msingi. Na habari ya kisima cha Ruma mjini Madina, ambacho sahaba Othman bin Affan alikinunua kutoka kwa mtu aliyekuwa akiwauzia watu maji, ina jambo ambalo wasimulizi hulipita haraka: masharti yalikuwa kwamba mnunuzi aitumbukize ndoo yake pamoja na ndoo za wengine, bila kuwatangulia. Aliyetoa aliendelea kuwa mnywaji wa maji yale yale, kwa hiyo kisima kikichafuka na yeye angejua. Mfadhili wa leo hanywi maji ya kisima chake. Hukabidhi, hupiga picha na kuondoka, na hata mtumishi wa umma anayekagua mradi huja na chupa yake ya maji ya dukani.

Kwenye visima vingi vya vijijini hutundikwa kibao chenye jina la aliyekitoa na tarehe ya uzinduzi. Wenye misikiti, makanisa, mashirika na halmashauri wanaoandaa vibao hivyo wanaombwa waandike kwanza, kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka kwenye foleni ya ndoo, jina la ofisi inayodaiwa kukitengeneza na namba yake ya simu. Na nafasi ikibaki, ndipo liandikwe jina la mfadhili.